Kula Chiang Mai kwa saa: mwongozo kamili wa wapi pa kula, lini, na namna ya kuagiza

Mgeni anayekwenda Chiang Mai, mji wa kaskazini ya Thailand, kwa mara ya kwanza huwa na orodha ndefu ya migahawa kwenye simu, na bado hurudi hotelini na njaa. Orodha yenyewe mara nyingi haina ubaya. Kinachomponza ni saa. Anafika saa tisa alasiri kwenye kibanda cha khao soi, tambi za mchuzi wa nazi, alichosifiwa, anakuta masufuria yamelazwa kifudifudi na mama anapiga deki. Kesho yake anapita lango la Chang Phuak adhuhuri kutafuta vile vibanda maarufu, anakuta lami tupu na pikipiki zimeegeshwa.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa saa, kuanzia alfajiri. Na hapo msemaji wa Kiswahili ana bahati yake, kwa sababu usiku Wathai huhesabu saa kama sisi. Saa moja usiku ni nueng thum, saa mbili ni song thum, huendelea hivyo hadi saa tano, ha thum. Wageni wengine hupiga hesabu vidoleni. Wewe, mama muuzaji akikwambia anafungua nueng thum, umeshamwelewa.

Hatua ya 1: Uweke mji kichwani

Mji wa kale wa Chiang Mai ni mraba uliozungukwa na mfereji wa maji, kila upande kama kilomita moja na nusu. Mfalme Mangrai aliuanzisha mwaka 1296, na mpaka leo mraba huo ndio dira ya kila mtu. Malango manne ndiyo utakayoyahitaji kwa chakula: Tha Phae upande wa mashariki, Chang Phuak kaskazini, Suan Dok magharibi, na Lango la Chiang Mai kusini. Ukitoka Tha Phae ukaendelea mashariki utafika soko la Warorot na mto Ping. Ukitoka Suan Dok ukaenda magharibi utafika Nimman, mtaa wa vijana, kahawa na bei za juu.

Ndani ya mraba tembea kwa miguu. Kwenda mbali, simamisha songthaew, zile pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili nyuma. Wenyeji huziita rot daeng, yaani gari jekundu. Mtajie dereva unakokwenda, subiri akubali kwa kichwa, kisha panda. Safari ya kawaida ya kuchangia na abiria wengine ni baht 30. Akikutajia 150, anadhani unataka kuikodi peke yako. Mwache aende, itakuja nyingine. Grab na Bolt nazo zinafanya kazi vizuri, hasa usiku, wakati hizo nyekundu zinapungua.

Kuhusu pesa, baht 1 ni kama shilingi 4 za Kenya, au kati ya 70 na 80 za Tanzania. Bakuli la khao soi au sahani ya wali sokoni ni kati ya baht 50 na 80. Beba noti ndogo. Wenyeji hulipa kwa kuskani msimbo ukutani, mfumo ambao kwa kawaida hutaka akaunti ya benki ya huko, na mama mwenye kibanda hafurahi kuombwa avunje noti ya 1,000 saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 2: Jifunze maneno machache kabla njaa haijakushika

Wengi huogopa pilipili. Mimi nakwambia, kama huli nguruwe, ogopa kwanza mafuta ya kukaangia. Chakula cha kaskazini ya Thailand kimejengwa juu ya nguruwe: soseji yao maarufu, sai ua, ni nguruwe, mboga za majani hukaangwa kwa mafuta yake, na ngozi yake iliyokaangwa ikakauka huwekwa pembeni ya sahani kama sisi tunavyoweka kachumbari. Ukisema tu huli nyama ya nguruwe, utaletewa mchuzi wa mifupa yake bila nyama, na mpishi ataona amekutendea wema.

Maneno ya kushika ni haya. Mu ni nguruwe, kai ni kuku, nuea ni ng'ombe. Kin mu mai dai: siwezi kula nguruwe. Mai phet: bila pilipili. Phet nit noi: pilipili kidogo tu. Mai sai namtan: usitie sukari, na utalihitaji, kwa sababu sukari huingia hata kwenye saladi. Thao rai: bei gani? Kila sentensi imalizie kwa khrap ukiwa mwanamume, kha ukiwa mwanamke. Ni adabu, kama unavyoanza na shikamoo. Chakula kitamu kwa Kithai cha kawaida ni aroi, lakini lugha ya kaskazini husema lam. Mwambie mama wa sokoni "lam" uone atakavyocheka na kuwaita wenzake.

Kwa halali, tafuta maandishi ya ahan mutsalim, chakula cha Waislamu, mara nyingi pamoja na mwezi na nyota, au nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Kwa asiyekula nyama kabisa, tafuta kibendera cha njano chenye herufi nyekundu. Hicho ni chakula cha jay, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nje ya vibanda hivyo, hata sahani ya mboga tupu huwa na mchuzi wa samaki au kamba wadogo waliosagwa.

Hatua ya 3: Asubuhi, nenda Warorot

Fika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Warorot, ambalo wenyeji hulijua kwa jina la Kad Luang, soko kuu, liko karibu na mto, na soko la maua limepakana nalo. Nje utakuta jok, uji wa mchele mzito wenye tangawizi na yai, mara nyingi na vidonge vya nguruwe, kwa hiyo uliza. Utakuta pia patongko, ndugu wa andazi: unga wa ngano uliokaangwa, mwepesi, tupu ndani, unaochovywa kwenye maziwa ya soya ya moto. Muuzaji mmoja karibu na soko, Ko Neng, huzikaanga kwa umbo la dinosaria. Watoto hulilia hizo. Watu wazima pia, nimewaona.

Ndani, sakafu ya chini, ndipo penye vyakula vya kaskazini vya kubeba. Nunua wali wa kunata kwenye mfuko mdogo na nam prik num, pilipili mbichi za kijani zilizochomwa zikatwangwa na vitunguu na saumu. Ukae nayo kando ya mto. Chukua tonge la wali, uliminye kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, ulibonyeze kidogo katikati kama tonge la ugali, uchote. Mtu aliyelelewa na ugali hahitaji somo. Wenzangu wa kutoka Ulaya niliokaa nao walikuwa na wali hadi kwenye viwiko.

Siku ya Ijumaa acha Warorot, nenda Kad Baan Haw. Ni soko la asubuhi tu, liko kwenye uwanja unaotazamana na msikiti wa Ban Haw, mitaa michache kutoka Night Bazaar, soko la usiku la watalii. Wauzaji wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, pamoja na Washan, kabila la upande wa Burma, na watu wa milimani. Hapo utapata nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, achari za Kiyunnan, tofu laini ya njegere inayopikwa kama uji mzito, na mboga ambazo hutaziona kwenye masoko mengine. Ikifika saa tano wanafunga virago.

Hatua ya 4: Mchana ni khao soi, na usichelewe

Ukila kitu kimoja tu Chiang Mai, kiwe hiki. Nieleze bakuli lenyewe, maana picha hazitoshi. Chini kuna tambi za mayai zilizochemshwa. Juu yake mchuzi wa tui wenye bizari, rangi ya machungwa iliyokolea, mafuta mekundu yakielea pembeni kama kwenye mchuzi wa nazi uliopikwa na mtu anayejua. Ndani kuna paja la kuku lililoiva hadi linaachia mfupa, au vipande vya ng'ombe. Juu kabisa, konzi ya tambi zilezile zilizokaangwa zikawa kavu. Pembeni huja kisahani: majani ya haradali ya kuchachushwa, vitunguu vidogo vyekundu, kipande cha ndimu, na kikombe cha pilipili iliyokaangwa ikawa nyeusi kwenye mafuta.

Onja mchuzi kwanza. Halafu kamua ndimu, tupia vitunguu na nusu ya achari, koroga, na ule haraka kabla tambi za juu hazijalegea. Pilipili ile nyeusi itie kwa ncha ya kijiko. Inaungua taratibu, utaijutia ukiwa tayari umeimwaga yote.

Asili yake hubishaniwa, ila mkono wa Chin Haw unatajwa sana: wafanyabiashara wa Yunnan, wengi wao Waislamu, waliokuwa wakishuka milimani na misafara ya baghala hadi Burma na kaskazini ya Siam, yaani Thailand ya zamani. Ndiyo maana mahali pa kwanza pa kwenda, hasa kwa anayetaka halali, ni Khao Soi Islam, kwenye kichochoro cha Charoen Prathet Soi 1, kile kile cha msikiti wa Ban Haw. Agiza khao soi nuea, ya ng'ombe, na mwenzako aagize khao mok, wali wa manjano wenye kuku aliyezikwa ndani. Ni biriani kwa jina jingine, isipokuwa inakuja na kachumbari tamu-chachu ya kijani. Mkila nusu kwa nusu mtatoka mmeridhika wote wawili.

Cha pili ni Khao Soi Khun Yai, ndani ya mraba, barabara ya Sri Phum kwenye upande wa kaskazini wa mfereji. Khun Yai maana yake bibi. Ni uani, meza chache chini ya paa la bati, hufungua saa nne asubuhi na kufunga saa nane mchana, na Jumapili wamepumzika. Nenda saa nne na nusu; saa sita utakuta foleni.

Cha tatu kinahitaji gari: barabara ya Faham, ng'ambo ya mto Ping, ambako Lam Duan na Samer Jai ni majirani. Wenyeji wana ubishi wao wa miaka kuhusu nani bora. Mimi ni mtu wa Samer Jai, kwa kuwa mchuzi wake ni mzito zaidi, na nimewahi kukatazwa na dereva wa songthaew aliyetaka kunipeleka kwa jirani. Kumbuka kwamba nje ya maduka ya Waislamu, khao soi ya kuku hupikwa jiko moja na ya nguruwe.

Kama khao soi si yako, mchana huo huo tafuta kuku wa kuchoma. SP Chicken iko jirani na hekalu la Wat Phra Singh. Kuku huzungushwa wima mbele ya makaa, matumbo yamejazwa saumu. Agiza nusu kuku, som tam ya papai bichi lililotwangwa, na kikapu cha wali wa kunata. Ya som tam, mwambie mapema kiasi cha pilipili. Akikuuliza ngapi, sema moja.

Kahawa nitaipita haraka. Milima inayouzunguka mji hulima kahawa aina ya arabika, zao lililoenezwa na miradi ya kuondoa kilimo cha afyuni, na kijana yeyote Nimman atakupikia kikombe kizuri. Ukitaka yenye hadithi, nenda Akha Ama, kahawa ya kijiji cha Waakha, kabila la milimani.

Hatua ya 5: Jioni, kula kwenye malango

Kuanzia saa kumi na moja vibanda hupangwa kwenye malango mawili, la Chang Phuak kaskazini na la Chiang Mai kusini. Chagua moja kwa usiku mmoja. Watu hujaribu yote mawili na kumaliza usiku ndani ya pikapu.

Chang Phuak inajulikana kwa mama mwenye kofia ya kikauboi na sufuria kubwa la miguu ya nguruwe. Foleni yake utaiona kabla ya kibanda. Kama kitimoto ni chako, jiunge. Kama si chako, kando yake kuna supu za tambi, wali wa kukaanga na juisi. La kusini ni la wenyeji zaidi, na mchana lilikuwa soko la mboga, kwa hiyo viungo havikusafiri mbali.

Taratibu zake ni rahisi. Agiza kwanza kwa kuonyesha kidole, kisha kaa kwenye meza za yule uliyemwagizia. Akina mama ntilie wa huko hawapendi mtu akae kwa mmoja akala cha mwingine. Chakula kitakufuata. Mezani kuna vichupa vinne: sukari, pilipili ya unga, siki yenye pilipili, na mchuzi wa samaki wenye pilipili. Hivyo ni vya supu ya tambi, na hakuna mpishi anayeona ni tusi ukivitumia. Shika kijiko mkono wa kulia, uma ni wa kusukumia tu. Vijiti ni kwa tambi. Lipa mwisho.

Tamutamu ya usiku ni roti. Kwenye barabara ya Tha Phae, mbele ya hekalu la Wat Mahawan, kuna Rotee Pa Day, kibanda cha Waislamu. Simama karibu utazame mikono: donge la unga lililolowa siagi linapigwa hewani mara nne, tano, linatanuka hadi unaona kaunta kwa upande wa pili, linatupwa kwenye chuma, linavunjiwa yai na ndizi katikati, linakunjwa mraba. Anayejua chapati atatamani kuuliza maswali. Nenda mapema, baadaye unapewa namba na kusubiri.

Embe na wali wa kunata hupatikana mwaka mzima kwa watalii, lakini embe lenyewe huwa la kweli kati ya Machi na Juni.

Hatua ya 6: Jumamosi na Jumapili zina mitaa yake

Jumamosi jioni magari huondolewa Wualai, mtaa wa wafua fedha, unaoanzia karibu na Lango la Chiang Mai kwenda kusini. Jumapili ni zamu ya Ratchadamnoen, kutoka Tha Phae hadi karibu na Wat Phra Singh, na huo ndio mkubwa. Ukifika saa moja usiku utakuwa unasukumwa na umati. Fika saa kumi na moja.

Siri ya Jumapili ni nyua za mahekalu. Barabarani kuna vitambaa, sabuni na taa. Chakula kiko ndani ya Wat Phan On na wenzake, vibanda vimepangwa chini ya miti, na meza za kukaa zipo. Mishikaki, mayai ya kware, keki ndogo za nazi ziitwazo khanom khrok ambazo kwa ladha na kikaango chake chenye vishimo ni shangazi wa vitumbua vyetu. Zile nimezila sita sita nikitembea, ulimi umeungua.

Saa kumi na mbili kamili vipaza sauti vitapiga wimbo wa taifa. Mtaa mzima husimama, muuzaji na kijiko hewani. Simama nawe, tonge libaki mdomoni, hadi uishe.

Hatua ya 7: Tenga usiku mmoja wa kukaa mezani

Vyakula vya nyumbani vya kaskazini havipatikani vizuri barabarani. Nenda Huen Phen, barabara ya Rachamankha ndani ya mraba, usiku, au Huen Muan Jai upande wa kaskazini, nyumba ya mbao yenye bustani. Nimman kuna Tong Tem Toh, nzuri lakini foleni yake ni ya vijana wenye subira. Nendeni watu watatu au wanne, muagize sahani tano za katikati.

Kaeng hang le ni mchuzi wa nguruwe wenye tangawizi na ukwaju, asili yake Burma, wenye harufu itakayomkumbusha mtu wa pwani jiko la Kihindi. Nam prik ong ni nguruwe wa kusaga na nyanya, kwa kuchovya mboga. Larb, nyama iliyokatwakatwa, ya kaskazini haina ndimu kama ile ya Isaan, kaskazini mashariki ya nchi; ina viungo vikavu na damu. Agiza larb khua, iliyokaangwa, kwani wapo wanaoila mbichi na tumbo lako halijaomba hayo. Khanom jin nam ngiao, tambi za mchele zenye mchuzi, nayo ina vipande vya damu iliyoganda. Na kaeng khanun ni fenesi changa lililopikwa kama mboga. Kwetu fenesi huachwa liive hadi linukie mtaa mzima. Wao hulichuma bichi, na likiiva mchuzini linaachana nyuzinyuzi kama nyama. Huwa lina mbavu za nguruwe, kwa hiyo uliza.

Utauziwa pia khantoke, chakula kwenye meza ya chini ya duara, wageni mkekani, ngoma jukwaani. Ni kula sinia kwa tiketi. Wachezaji ni hodari, chakula ni cha wastani. Kama umekuja na wazazi wako watafurahi.

Hatua ya 8: Msimu na tumbo

Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi hujaa bondeni, na kula nje barabarani kunachoma macho. Songkran, 13 hadi 15 Aprili, vibanda vingi vya familia hufungwa na waliobaki humwagiana maji. Novemba hadi Januari ndiyo hali nzuri ya hewa, na ndiyo foleni ndefu pia.

Barafu ya mirija yenye tundu katikati hutoka kiwandani. Inywe bila hofu. Maji ya bomba usinywe. Kibanda chenye watu wengi wa mtaani ni salama kuliko mgahawa mtupu wenye kiyoyozi. Na kabla ya kupanda gari kwenda mbali, mwombe mtu wa mapokezi apige simu dukani aulize kama leo wamefungua na wanafunga saa ngapi. Akikujibu song thum, una hadi saa mbili usiku.